Mgonjwa wa Nyuma ya Mlango

Wenzangu wa chumba cha simu,

Mliniomba nikae chini niandike ya kazini kabla sijasahau. Nimestaafu juzi tu, sijaanza kusahau. Nilichoanza ni kujaribu kulala mchana, na hilo nalo limenishinda, maana simu ya jirani ikilia hapa Pangani nashtuka na kupapasa kalamu. Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo mnavijua vilivyokuwa, na mshahara nikiutaja nitawakatisha tamaa wanaoanza. Majina ya wagonjwa nimeyabadilisha, kama tulivyofundishwa.

Nilianza unesi Kisarawe, kwenye kituo cha afya chenye wodi moja na tangi la maji lililovuja tangu siku niliyofika hadi siku niliyoondoka. Mimi ni Msukuma. Kazi ilinileta Pwani, ndoa ikanibakiza. Wazee wa Kizaramo walipojua kabila langu walifurahi kuliko nilivyotegemea, kwa sababu Mzaramo na Msukuma ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukwambia jambo ambalo hata ndugu yako wa tumbo moja hathubutu. Wiki ya kwanza nilimchoma sindano bibi mmoja, akaitangazia wodi nzima kwamba serikali imeishiwa manesi sasa inaleta wachunga ng'ombe. Nikamwambia ng'ombe nao wana afadhali, hawapigi kelele hivyo. Watu wakacheka, bibi naye akacheka, kisha akageuka mwenyewe na kunionyesha jipu alilokuwa amelificha siku zote chini ya kanga. Nililiosha na kulifunga, na tangu siku hiyo sikuuficha tena Usukuma wangu kazini.

Nilipohamia Kibaha kwenye chumba cha simu, nilidhani nakwenda kupumzisha miguu. Kwa atakayeisoma hii na si mwenzetu: msafiri wa kwetu anayekwenda nje ya nchi, awe anakwenda umra, shule, au ni dereva wa lori la Kongo, akiugua huko anatupigia sisi. Anaeleza kwa Kiswahili, tunamsikiliza, tunamwambia kama ni jambo la kunywa maji na kulala au la kukimbilia hospitali. Dawa kwa simu hatutoi. Vifaa vyetu ni hedifoni, ramani ukutani, simu ya pili ya kupigia ndugu, na jagi la maji ambalo siku zote alikuwa ameshalimaliza mtu mwingine.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kapinga, tabibu wa siku nyingi, Mngoni, mtu mkavu kama bisi. Mwanzoni alinikataza kabisa kushika simu. Nilikaa pembeni yake na hedifoni ya pili, nasikiliza tu. "Nesi," aliniambia, "huku umekatwa mikono. Umebaki na masikio. Sasa tuone kama yanafanya kazi." Siku aliyoniruhusu, simu yangu ya kwanza ilitoka kwa dereva wa lori aliyekuwa Zambia. Mwenzake ana homa, anataka nimtajie jina la kidonge, basi. Nikaanza kumhoji vizuri kabisa: homa tangu lini, anakula, anakunywa. Majibu yote yalikuwa mazuri. Kapinga akanigusa bega, akasema taratibu, "Unamtibu dereva. Dereva mzima. Omba mgonjwa." Nikaomba simu apewe mgonjwa. Nilichosikia ni mtu anamwita mama yake aliyekwisha kufa, anamwuliza mbona kuku hawajafungiwa. Malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Nilimwambia dereva ageuze lori, na kwa neema ya Mungu mji ulikuwa nyuma yao si mbali.

Hilo ndilo somo lililonilisha miaka yote: usimtibu anayepiga simu, mtibu anayeumwa. Kapinga alikuwa na maswali yake aliyoyauliza kabla ya kuuliza ugonjwa. Uko wapi? Mgonjwa yuko wapi? Nani mwingine yupo? Vijana wengi mnayaruka maswali hayo mkiona ni porojo. Msiyaruke.

Si kila simu ina mwisho. Kulikuwa na dada wa kazi za ndani huko Uarabuni, alinipigia amejifungia bafuni, amefungulia maji ili wasimsikie, ananong'ona kwamba kifua kinambana na hati zake za kusafiria anazo mwajiri. Nilimpa nilichoweza, nikampigia kila niliyedhani ana uwezo wa kugonga ule mlango. Hakupiga tena. Sijui kama alipona, na mpaka leo nikisikia maji yanamwagika kwenye sinki nafunga bomba haraka.

Lakini mliyotaka niandike hasa ni ile ya Makka. Mmeisikia vipande vipande kwenye chai, na kila mtu anaisimulia anavyopenda. Hii ndiyo yenyewe.

Ilikuwa Ijumaa, asubuhi imeshakwisha. Saa ya Makka na saa ya Kibaha ni moja, kwa hiyo hatukuwa na hesabu ya kupiga. Mzee Kapinga alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao Songea, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa zamu. Meza ya pili alikaa Neema, mnayemjua, ndiyo kwanza mgeni. Akapiga mwanamume mmoja, sauti ya upole sana. Akajitambulisha kuwa ni Shabani, mkulima wa Ruvu, yuko umra na msafara.

"Dokta, kuna mama mmoja katika msafara wetu hajisikii vizuri. Tumbo. Nadhani ni joto na chakula cha huku."

Nikamwuliza anatapika? Kimya. Kimya kirefu, nasikia kandambili zinakwenda, mlango unagongwa, sauti ya mbali, kandambili zinarudi. "Ndiyo, anatapika." Anatapika nini, chakula au maji ya kijani? Kandambili zikaenda tena. "Anasema ni machungu." Amepata choo? Hapo kimya kilikuwa kirefu zaidi, na kandambili hazikwenda popote.

Mtu aliye kando ya mgonjwa hajibu hivyo. Nikarudi kwenye maswali ya Kapinga.

"Shabani, wewe uko wapi?"

"Niko kwenye korido."

"Na mgonjwa?"

"Ndani, chumbani kwake."

"Umemwona kwa macho?"

"Hapana, dokta."

"Sasa nani kamwona?"

"Hakuna. Wenzake wa chumbani wote wameshakwenda msikitini kuwahi nafasi ya Ijumaa. Yeye alimpigia Zuhura, Zuhura akanipigia mimi."

"Zuhura ndiyo nani?"

"Mke wangu. Yuko Kisarawe, kwao."

Nikaelewa. "Huyo mama ni mkweo?"

"Ndiyo, dokta," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshikwa.

Nilikasirika, na sioni haya kulisema. Mama anaumwa Makka, anampigia mwanawe Kisarawe, mwana anampigia mumewe Makka aliyesimama hatua chache kutoka kwenye kitanda cha mgonjwa, naye ananipigia mimi Kibaha. Kila aliyepokea habari ameipunguza kidogo kwa adabu, mpaka inanifikia mimi imebaki tumbo la joto. Najua vizuri jinsi watu wa Kisarawe wanavyomheshimu mkwe. Nimeona wanaume wanapita nyuma ya nyumba kwenye matope ili wasikutane uso kwa uso na mama wa mke. Mkeka mmoja hawakai, sahani moja hawali. Lakini ugonjwa haujui mkwe.

Nikamwambia Shabani anitajie namba ya mkewe na asikate, nikachukua simu ya pili, nikampigia Zuhura. Alipokea mlio wa kwanza. Nikamwuliza bila kuzunguka: mama yako amekwambia nini hasa?

"Tumbo, Sista."

"Zuhura, mimi ni mwanamke mwenzako. Tumbo gani?"

Akaanza kulia. "Mama ana kitu chake cha zamani. Kinakuja kinarudi. Mume wangu siwezi kumwambia vitu vya mama yangu, Sista, nitaanzaje? Na mama alisema nikithubutu kumwambia mtu hatanisamehe."

"Kitu gani, na kiko wapi?"

"Mwulize mwenyewe. Mimi mdomo wangu mzito."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Tumeyabandika maneno hayo kwenye kuta za zahanati nchi nzima, na anayeyasoma ni yule ambaye ameshakuja. Nikamrudia Shabani. Nikamwagiza afungue mlango kidogo, aiweke simu kwenye kiti ikiwa na spika, akisukume kiti ndani kwa mguu, kisha aende mwisho wa korido asubiri. Alifanya hivyohivyo. Nilisikia kiti kinaburuzwa sakafuni.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa nyembamba na kavu, ya mtu ambaye ulimi unamganda kinywani. Bi Mwanahawa, nitamwita hivyo. Nikamwuliza anaumwa wapi. Tumbo. Linauma vipi? Linauma tu, ni joto la huku. Tumbo limejaa? Kidogo. Ametoa hewa tangu jana? Akasema, "Mwanangu, maswali gani hayo, na kesho tunasafiri kurudi. Nitafika kwetu nitapona."

Nikaona nampoteza. Neema alikuwa ananitazama amesahau hata kupepesa. Kutapika uchungu, tumbo kujaa, choo hakuna, hewa hakuna, na kitu cha zamani kinachokuja na kurudi. Nilikuwa na wazo langu, lakini wazo si jibu, na huyu mama alikuwa anapanga kukaa kwenye ndege siku ya pili yake. Angefia angani. Ndipo nikabadilisha mlango wa kuingilia.

"Mama, lafudhi yako naijua. Wewe ni Mzaramo wa Kisarawe."

"Ndiyo. Na weye je?"

"Mimi Msukuma."

Nikasikia kitu ambacho sikukitegemea: alicheka, na kicheko kikamuumiza akaguna. "Msukuma! Yaani nimesafiri hadi nyumba ya Mungu, na mla michembe ya viazi kanifuata huku huku?"

"Nimekufuata nijue unaficha nini. Nyie Wazaramo ngoma ikilia hata shamba mnauza, mambo yote hadharani. Leo aibu umeitoa wapi? Sema, kitu chako kiko wapi, nisije nikamwambia mkweo aje akitafute."

"Weye! Mshenzi kabisa weye!" Lakini sauti ilikuwa imefunguka. "Kiko kwenye kinena. Paja linapoanzia. Tangu nilipomzaa huyu Zuhura. Nikisimama kinatoka, nikilala kinarudi chenyewe."

"Na sasa?"

"Sasa kimekataa kurudi. Tangu jana. Kigumu, ukikigusa roho inataka kutoka."

"Ulikuwa unakisukuma?"

"Nimesukuma mpaka nimechoka."

"Usikiguse tena. Usile, usinywe, hata maji ya Zamzam usinywe. Mama, hiyo ni ngiri, na utumbo umenasa humo."

"Ngiri ni ya wanaume," akasema, na hapo ndipo nilipojua alichokuwa anakiogopa miaka yote hiyo. Alidhani amepata ugonjwa wa wanaume, na mwanamke mwenye ugonjwa wa wanaume angeimbwa kwenye kila shughuli kuanzia Kisarawe hadi Mlandizi. Nikamwambia wanawake wanaipata, na ya mwanamke inapokaa pale ndiyo inayonasa upesi. Utumbo ulionasa unakufa, nikamwambia, na ukifa unamchukua mwenyewe. Anahitaji kupasuliwa leo.

Hapo akatulia. Nilidhani amekubali. Kumbe alikuwa anafikiri, na alichokifikiri kilinitoa jasho.

"Mtani, sikia. Miye ni mtu mzima. Umra nimemaliza. Watu wanaomba miaka yote wafie mahali hapa hawapati. Nikifia hapa nitaswaliwa na watu wasiohesabika. Mnaniondoa kwenye bahati yangu mkanivue nguo mbele ya madaktari wanaume?"

Nimekaa na wagonjwa wanaoogopa kufa maisha yangu yote. Hao nawajua. Sikuwahi kufundishwa namna ya kumjibu ambaye hakiogopi kifo na ana sababu nzuri. Nikimwambia ni dhambi, mimi ni nani, mimi hata si Mwislamu. Nikimwambia wanawe watalia, anajua. Nikashika tena utani kwa sababu sikuwa na kingine.

"Bahati yako, na haki yangu je? Ukifa Mzaramo, mtani ndiye anayekuja kuzuia jeneza lisitoke, mtani ndiye anayelala kaburini mpaka wanao wampoze kwa pesa. Ukizikwa huko mimi nitamzuia nani? Ubwabwa wa msiba wako nitaula wapi? Umekaa umepanga kufa kwa kuninyima mimi, mchoyo mkubwa we!"

Hakucheka. Nikasikia anapumua. Halafu akasema polepole, kwa sauti nyingine kabisa, "Zuhura hatakuwa na kaburi la kwenda kulitazama."

"Hatakuwa nalo, mama."

"Haya. Niitie huyo mkwe wangu."

Neema alikuwa ameshawapata mapokezi ya hoteli, akawaomba gari la wagonjwa. Gari lilikuja, lakini halikufika. Watu wa Ijumaa walikuwa wameshaanza kutandika mikeka barabarani, gari likazuiwa kwenye kona ya mtaa. Lifti zote zimejaa wanaoshuka kwenda kuswali, kiti cha magurudumu kimechukuliwa. Mapokezi wakasema wazi: mkimshusha sasa hivi na kumfikisha kwenye kona, sawa. Swala ikisimama hapatapitika mpaka iishe, na baada ya hapo ndiyo umati unamwagika.

Nikampigia kelele Shabani kwenye simu mpaka akasikia toka mwisho wa korido, akaja akakivuta kiti nje kwa mguu, akaiokota.

"Mbebe," nikasema.

"Dokta?"

"Mbebe mgongoni, mshushe kwa ngazi. Sasa hivi."

"Dokta, siwezi. Yule ni mkwe wangu. Mungu ananiona, siwezi hata kuingia."

"Shabani, ulipewaje ruhusa ya kusafiri naye?"

"Niliandikwa kwenye fomu ya msafara."

"Uliandikwa nani wake?"

"Maharimu wake."

"Kwa nini wewe?"

"Kwa sababu dini inasema mkwe ni kama mama yako aliyekuzaa."

"Basi mama yako aliyekuzaa anakufa ndani ya chumba hicho. Mila zenu mtazimaliza mkirudi."

Nilisikia mlango unafunguka hadi mwisho na kugonga ukuta. Simu aliitia kwenye mfuko wa kanzu bila kuikata, na sisi wawili, mimi na Neema, tukasikia yote. Tulisikia bibi anaguna anapoinuliwa. Tulisikia anatapika. Tulisikia kandambili zinashuka ngazi, zinakwama, zinashuka tena, watu wanasema maneno ya Kiarabu na ya lugha nyingine wakipisha. Na katikati ya pumzi zake yule mwanamume alikuwa anarudia maneno mamoja kila ngazi, "Mama nisamehe. Mama nisamehe." Mwisho hayakuwa maneno tena, alikuwa analia kwa sauti, mtu mzima mwenye mashamba na watoto. Bibi hakujibu neno. Kisha adhana ikaanza, kubwa mno, ikafunika kila kitu, na simu ikakatika.

Nilimpigia hakupokea. Nilimpigia tena. Zamu yangu ilikwisha, aliyenipokea akaja, nikabaki kwenye kiti kile kile. Zuhura alipiga mara nyingi na kila mara nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Kilichonitafuna si kama nilikosea ugonjwa. Ugonjwa nilikuwa na hakika nao. Nilijiuliza kama nimemtoa mama wa watu kwenye kifo alichokichagua, cha amani, nikamsukumia kingine kwenye ngazi za hoteli, mgongoni kwa mkwewe, amelowa matapishi. Hilo lingekuwa langu mpaka nazikwa.

Jua linakaribia kuzama ndipo alipopiga kiongozi wa msafara. Walifika kwenye gari. Hospitali walimpasua mara moja, wakakuta kipande cha utumbo kimekufa wakakikata, kilichobaki wakakiunga. Yuko hai, hajazinduka sawasawa. Neema akaangua kilio. Mimi nilikwenda nje nikakaa kwenye ngazi za jengo letu nikavua viatu.

Bi Mwanahawa alichelewa kurudi, msafara ulimtangulia, Shabani akabaki naye mpaka aliporuhusiwa kusafiri. Alipokwisha kupata nguvu akanitumia salamu kwamba Msukuma asiyekuja kumjulia hali mgonjwa ni mchawi. Nikabeba sukari, nikaenda Kisarawe.

Nilimkuta amekaa barazani juu ya mkeka, amekonda, macho makali. Tulitukanana vya kutosha. Alinionyesha kovu bila kuombwa, na kusema ukweli alikuwa analionyesha kwa kila mwanamke aliyepita. Zuhura alikuwa uani anapika. Tukiwa tunaongea, mtu akakohoa pembeni ya nyumba. Ilikuwa ni Shabani, analeta mchele kutoka Ruvu. Hakutokeza. Aliegemea ukuta kwa upande ule ambao hatukumwona ila kivuli, akasema, "Shikamoo mama." Bi Mwanahawa akajifunika uso na kanga yake, akageukia ukutani. "Marahaba, mkwe. Za Ruvu?" "Nzuri mama." Gunia likatua chini, na kandambili zikaondoka.

Nilishangaa, halafu nikaudhika. Baada ya yote yale! Nikamwambia, "Mtani, kwani bado tu? Mtu kakubeba mgongoni, nawe unamfichia uso? Haya mambo yenu si ndiyo yaliyotaka kukuua?"

Akatazama kwanza uani kama Zuhura anasikia. Akanisogelea.

"Weye ulikuwa kwenye simu," akasema taratibu. "Ulimsikia anavyolia. Nilikuwa nimejichafua mtani, si kutapika tu, na kanga imenivuka, na watu wanatupisha wanatutazama. Aliivua kanzu yake akanifunika, akaenda na fulana mbele ya umma wote ule. Unajua kamwambia nini mke wake? Kamwambia tulishuka na lifti."

"Lifti?"

"Lifti. Nami nikaulizwa, nikasema lifti." Akaishika kanga yake kwa vidole viwili. "Siku nitakayomtazama usoni atajua nakumbuka. Sasa mtu kama yule, nimlipe kwa kumkumbusha?"

Zuhura akaja na sinia la wali, akaliweka katikati yetu, akanikaribisha maji ya kunawa. Alikuwa anatabasamu.

"Sista, nimekuwa nataka kukuuliza. Wewe ulikuwa naye kwenye simu siku ile. Eti zile lifti za kule zinashuka kasi kweli? Mume wangu anasema mama hata hakusikia."

Bi Mwanahawa alikuwa anatazama wali.

"Zinashuka kasi sana," nikamwambia. "Hata hatukusikia kitu."